Neno Nililolifasiri Sandton

Ukweli ni kwamba nilikwenda Johannesburg kukimbia mambo ya nyumbani. Mdogo wangu Zuhura alikuwa amerudi kwa mama, jicho limevimba, na ami yetu Salim alikwisha kuitisha kikao cha Jumapili cha kumrudisha kwa mumewe. Sisi ni Waarabu wa Mombasa. Mambo ya ndoa huamuliwa na wazee wa kiume. Zuhura aliniomba niwepo, nikamwambia nina kazi. Na kazi kweli ilikuwapo, mwaka huo wa 2018: kumfasiria Hanan, mwanaharakati wa Jordan anayewahifadhi wanawake waliopigwa na waume zao, katika mkutano wa wanawake huko Johannesburg. Kiarabu nilikisomea Sudan, na maneno hayanipigi chenga.

Alhamisi alasiri nilipokewa uwanja wa ndege na mwenyeji wangu, Mama Neema, msusi kutoka Bukavu. Njia nzima ya kwenda kwake, mtaa wa La Rochelle, nilikuwa natazama simu. Kila gari liliposimama pa robot, yaani taa za barabarani, naitazama tena.

"Mama, ile simu itakuchoma mikono," alinitania. "Kuko nini kwenu?"

Nikasema hakuna kitu. Nilipofika chumbani nikaanza kukunja nguo ambazo nilikwisha kuzikunja.

Ijumaa asubuhi tukaenda mkutanoni Sandton, mtaa wa matajiri jijini humo, ambako ukumbi ulijaa wanawake wa kila nchi. Wenye Kiswahili, Wakongo wengi na Wakenya wachache, walikaa upande wangu. Hanan alisimulia jinsi mumewe alivyomvunja mkono, na jinsi mashemeji zake walivyolieleza jambo hilo kwa neno moja tu: addabaha. Yeye alilitamka kwa uchungu. Mimi, bila kufikiri, nikalitoa kama tulisemavyo kwetu: "Mumewe alimtia adabu."

Mama Neema akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Bwana yake alimupatia adabu ao azabu?"

"Adabu," nikamjibu.

"Alivunja mukono yake, na ni adabu? Adabu si ya kusalimia wakubwa?"

Wenzake wakacheka. Hanan akauliza kuna nini, nikamweleza. Hakucheka hata kidogo.

"Kumbe na nyinyi mnalo," alisema kwa Kiarabu. "Neno hilo ndilo ninalopigana nalo miaka yote."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia Zuhura: rudi, amekutia adabu tu, yataisha.

Jumamosi nilipaswa kufanya kazi kutwa, nikaomba ruhusa nibadilishe tiketi. Mkenya mmoja akakubali kufasiri kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza. Mama Neema alinisindikiza huku akilalamika.

"Eish, siku mbili tu! Hata chakula yangu haujaonja muzuri."

Ndipo nikamweleza habari za Zuhura. Akanisukumia begi langu. "Enda mbio," akasema.

Jumapili, Mombasa, niliingia sebuleni kwa mama na begi mkononi. Ami Salim alikuwa ameshaanza.

"Mume ana haki ya kumtia mkewe adabu," alikuwa akisema.

"Alimpiga ngumi, ami," nikasema. "Alimpiga ngumi ya jicho. Harudi."

"Nani kakupa nafasi ya kusema hapa?"

Nikaketi karibu na Zuhura na sikuinuka. Mzozo ulidumu hadi alasiri. Ami akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hanisalimii.

Nikiulizwa nilijifunza nini safarini, nasema hivi: nilidhani nafasiri Kiarabu tu, kumbe maisha yangu yote nimekuwa nikiwafasiria wanawake wa kwetu vipigo kwa maneno mazuri. Zuhura alinionyesha hilo jioni ya Jumapili ile, tukihamishia vitu vyake kwangu.

"Ami hakuniumiza, dada. Yeye nilijua atasema nini. Wewe uliponiambia nirudi, ndipo nilipoumia."

Nikamwomba msamaha. Akasema atafikiria. Bado anafikiria.