Alama Tatu kwa Picha Nambari Kumi na Nne

Mume wangu ana wivu, na nikisema hivyo watu hudhani ni ule wivu wa mume kwa mkewe. Ningeshukuru. Mimi naweza kusimama barabarani na kinyozi nikacheka mpaka machozi yanitoke, naye akapita zake bila hata kugeuza shingo. Wivu wake ni wa picha. Mwambie kuna mtu kapiga picha nzuri ya mwewe, siku hiyo chakula hakimshuki.

Kwa kazi ni fundi wa miwani. Ana chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, na humo mna mashine ya kusagia lenzi, kabati la fremu, na boksi la bati ambamo hutupa lenzi zote alizozikataa: zenye mkwaruzo, zenye kiputo, zilizokatwa vibaya. Hampi mteja lenzi yenye kasoro hata kama mteja mwenyewe haioni hiyo kasoro. Mwisho wa wiki ni mpiga picha wa ndege. Kwa miaka kumi na moja nimembebea stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, nikakaa kimya vichakani nikiumwa na mbu ili ndege wake wasishtuke.

Kuna chama cha wapenda picha hapa kwetu. Wanachama ni kumi na mmoja, na hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ghorofani juu ya studio ya Katibu, ambaye riziki yake ni picha za pasipoti. Kila mmoja ana ugonjwa wake. Mzee wa Posta hupiga milango tu. Anayo milango mia nne na hajawahi kumpiga mtu hata mmoja akitoka ndani. Mwalimu wa hesabu hupiga nyeusi na nyeupe, anasema rangi ni utoto. Mwenyekiti hupiga mawingu. Mimi nimeandikwa mwanachama msaidizi, maana yake mpika chai, na kwa kuwa nashona mapazia, hata lile pazia jeupe la kuoneshea picha ni la mkono wangu. Kadi ninayo, kura ninayo. Picha sikuwahi kupeleka, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Miaka miwili iliyopita akaja Nesi. Alipanda ngazi moja kwa moja kutoka zamu, viatu vyeupe bado mguuni, kamera ya mtumba shingoni, akasema anapenda wadudu. Watu wakatabasamu. Mwisho wa mwaka ule alichukua kikombe kwa picha ya panzi, kikombe kilichokuwa kimekaa kwetu miaka minne mfululizo. Kikaondoka juu ya kabati la televisheni kikaacha duara kwenye vumbi. Duara lile mume wangu alinikataza kulifuta.

Tangu hapo akawa na kijiba cha roho. Kila jioni akifungua kompyuta, anazikuza picha za Nesi mpaka mguu wa sisimizi unajaa kioo kizima.

"Ona hapa," ananiita. "Mguu wa nyuma hauna ukali."

"Naona."

"Na hii, mwanga umemzidi. Halafu watu wanampigia makofi."

Mwaka wa pili Nesi akachukua tena. Nyumbani kukawa kama msibani.

Sasa niseme langu, maana hadithi ya wivu wa mtu mmoja haijawahi kuwa kamili. Mimi nilimwonea gere yule Nesi kuliko mume wangu. Sikuhofia lolote baina yao. Nesi ana mume mrefu kama nguzo ya umeme na anampenda. Nilichomwonea ni yale macho. Mume wangu alizitazama picha zake saa nzima, kipande kwa kipande, kwa chuki, ndiyo, lakini alizitazama. Mimi nilisuka nywele mpya, nikaja nikasimama mbele yake, akaniambia nisogee, namzibia mwanga. Mtu wa kuchukiwa alipata jicho lote, na mbeba stendi akapata mgongo. Iliniuma sana, na sina haja ya kuficha.

Ndipo asubuhi moja ya ukungu nikaenda uani kumwaga maji, nikaona buibui kafunga utando wake kwenye dirisha la jikoni, dirisha likiwa wazi. Utando mzima ulikuwa umejaa matone. Nikachungulia karibu. Ndani ya kila tone jiko letu lilikuwa limepinduka juu chini, meza, birika, na mume wangu ameinamisha kichwa akiipangusa lenzi yake kubwa kwa brashi, kipara kikielekea chini.

Nilienda kwenye droo nikatoa kamera yake ya zamani, ile aliyoiacha aliponunua kubwa. Haikuweza kuona kitu cha karibu hivyo. Lakini huwezi kukaa na fundi wa miwani miaka yote hiyo usijue kwamba lenzi kali ya kusomea, ukiiweka mbele ya kamera, inaleta karibu. Siku mbili nyuma nilikuwa nimempelekea chakula kazini, na mle kwenye boksi la bati nilijiokotea lenzi moja nene, nikafikiri itanifaa kutunga uzi. Nikaibandika mbele ya kamera kwa plasta ya kidonda. Nikapindua ndoo, nikapanda juu yake. Nilipiga picha thelathini na kitu. Moja ilitoka. Yeye ndani hakuinua kichwa.

Siku ya kikombe ilipofika nilikuwa nimeshampa Katibu picha yangu kimyakimya. Utaratibu wa chama ni huu: picha hazina majina, zina nambari tu, na mtu huruhusiwa kuleta mpaka mbili. Kila mtu ana karatasi. Anaipa kila picha alama juu ya kumi na kuandika sababu ya maneno machache, isipokuwa yake mwenyewe, hiyo anairuka. Kuongea ni mwiko. Ukifungua mdomo wakati picha iko kwenye pazia, yako inaondolewa.

Tulikaa bega kwa bega, mimi na yeye, kwenye viti vya plastiki. Ikapita milango, yakapita mawingu. Akapita mdiria wake, yule ndege mvuvi, amebeba samaki mdomoni, na mume wangu akajikuna sikio kama mtu asiyehusika. Ikaja picha ya nyuki juu ya ua. Nikasema moyoni, huyo Nesi, nikaipa nne na kuandika "Tumeshazoea". Nambari kumi na tatu ilikuwa ya kunguru ametua juu ya paa, mdomoni kashika hanga ya waya aliyoiba kwenye kamba ya nguo, anakwenda kujengea kiota. Chumba kizima kilizuia kicheko. Mume wangu akaipa tisa. Nilimwona akimtazama Mzee wa Posta kwa upendo, akidhani rafiki yake hatimaye kaachana na milango.

Halafu pazia langu likajaa buibui.

Nikaikunja karatasi yangu mapajani. Sikuitazama picha. Niliyatazama macho ya mume wangu. Alikunja uso. Akaegemea mbele, akaikagua kona ya kushoto, kona ya kulia, akarudi ya kushoto. Aliitazama kweli, tena kwa muda mrefu, na mimi mtu mzima nikawa najisikia kama msichana. Kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo, lile tabasamu la jioni anapoipata kasoro ya Nesi kwenye kompyuta, akainama akaandika. Aliandika tatu. Chini yake: "Ukungu kona ya kushoto."

Ningeweza kumkanyaga mguu. Ningeweza kumnong'oneza. Nilifunga mdomo kwa sababu ya mwiko, na kwa sababu nyingine ambayo si nzuri: nilitaka aione aibu yake mwenyewe ikiingia mlangoni.

Tukanywa chai niliyoipika mimi wakati Katibu akijumlisha. Kisha akasimama kusoma, na Katibu husoma kila alama na kila sababu, bila kusema ni ya nani.

"Nambari kumi na nne," alisema. "Tisa. Nane. Kumi, 'Sijawahi kuona kitu kama hiki.' Tisa. Nane. Tatu, 'Ukungu kona ya kushoto'..."

Watu wakaguna kwenye ile tatu. Mume wangu alikuwa anaangalia dari.

"Jumla sabini na nane. Nafasi ya pili. Mpiga picha ni shemeji yetu, mke wa Fundi Miwani."

Sijui nieleze vipi uso wa mume wangu. Aligeuka kunitazama, akalitazama pazia, akanitazama tena, kikombe cha chai kikamwinamia mkononi mpaka akajimwagia gotini.

"Nafasi ya kwanza, themanini na moja, nambari kumi na tatu. Kunguru. Nesi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu wangu aliingia na kunivuta mimi. Angeniandikia saba tu, kikombe kingerudi juu ya kabati letu. Badala yake alimpa Nesi tisa kwa mkono wake mwenyewe, na mdiria wake akashika nafasi ya nne. Yule nyuki niliyempa nne alikuwa wa Katibu.

Nesi hakwenda kwanza kuchukua kikombe. Alikuja kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Dada, kumbe ni wewe? Nilikupa kumi. Nilijiuliza nani huyu kaingia kwenye wadudu wangu na kunizidi. Nimeona wivu, nakwambia kweli."

Nilimshukuru. Miaka miwili namla nyama moyoni, na ile kumi ya pekee ilikuwa yake. Nilitamani sakafu ipasuke.

Tulitembea mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hapo akakohoa.

"Mama watoto, ningejua ni yako..."

"Ungeipa ngapi?"

Akafikiri. Mtu mwingine angesema kumi akapona.

"Tisa," akasema. "Ule ukungu upo kweli."

Nilitaka kukasirika, ila kicheko kilinitangulia. Nikafungua mkoba, nikampa ile lenzi nene, plasta bado imeganda pembeni. Aliinyanyua kwenye jua la saa kumi na moja, akaizungusha kwa vidole viwili kama anavyofanya kazini.

"Hii niliitupa mimi."

"Ndiyo."

"Ina mkwaruzo."

"Upande wa kushoto," nikamwambia.

Tulipofika nyumbani aliomba picha. Nilikuwa nayo ya karatasi, nikamwekea mezani. Akatoa kile kioo chake cha kukuzia, cha kukagulia lenzi, akakibana jichoni na kuanza na buibui, mguu mmoja baada ya mwingine. Nikavuta kiti.

"Acha buibui. Tazama tone la tatu kutoka juu."

Alitazama.

"Kuna mtu humu."

"Yupo."

"Mbona hana nywele?"

Aliendelea kuinama pale, na baada ya muda niliona mkono wake wa kushoto unapanda taratibu, unajipapasa utosini. Alikitoa kile kioo jichoni, akakipangusa kwa shati, akakirudisha, akatazama tena. Kisha akaniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza katika ndoa yetu: nilikuwa nimesimama wapi.

Nikamweleza. Nikamweleza ndoo, na ukungu, na plasta. Alisikiliza kila neno, na kadiri alivyosikiliza ndivyo taya ilivyokuwa inambana, na mimi ninaijua hiyo taya. Siku zote ilikuwa ya Nesi.

Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta upande wake wa kitanda mtupu. Alikuwa uani. Alikuwa amesimamisha stendi ya miguu mitatu mbele ya dirisha la jikoni, kamera kubwa juu yake, na yeye mwenyewe amesimama juu ya ndoo yangu, amejikunja, jicho kwenye kamera. Mezani, kwenye kompyuta iliyowashwa, picha yangu ilikuwa imekuzwa mpaka tone moja limejaa kioo kizima.

Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilipaswa kuudhika. Badala yake nilijisikia mrembo, Mungu anisamehe.

"Huyu buibui wako hutoka saa ngapi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Akijisikia," nikamjibu.

Nikamwekea chai yake dirishani, nikaingia ndani kushona. Sikumwambia kwamba yule buibui nilimfagia Ijumaa, utando na yeye mwenyewe.