Ndoa Yangu ya Simu Bandia

Tangu risasi zilie Juba, Haboba, bibi yangu wa Gumbo, ng'ambo ya mto, halali bila kujua kama tu hai. Nikamwekea programu ya ujumbe niliyoitunga mwenyewe, lakini kwenye simu yake ya zamani ikawa inapokea tu, kutuma haitaki.

Nikaunda simu bandia ndani ya kompyuta, yenye Android ya zamani kama yake, nitafute kosa. Mimi, fundi wa kidato cha pili, nikaamini simu bandia hutuma ujumbe bandia. Nikaandika: "Haboba, nimeoa leo."

Asubuhi yake Haboba akavuka daraja, kuku wa harusi kwapani.

"Mume wangu, uko hai! Haya, mke mwenzangu yuko wapi?"

Mama akanigeukia. Mimi nilimtazama kuku. Haboba alifuga huyo mmoja tu.