Nirudishe Kidude Kipi, na Mama Hataki Kuachana na Kimoja?

Admin, jina langu naomba ulistiri. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, naishi Mji Mkongwe na mama yangu, mjane. Mkicheka chekeni, lakini roho yangu haitulii kwa sababu ya kidude kisichozidi kisahani cha chai.

Napenda muziki kupita kiasi. Spika ninazo, amplifaya ninayo, nilikosa DAC, yaani kile kidude kinachogeuza muziki wa kwenye kompyuta uwe sauti ya kupeleka kwenye amplifaya. Muuzaji wa Darajani aliniazima mbili nijaribu nyumbani, nichukue moja. Ya kwanza sauti yake laini. Ya pili kali, unasikia hata mtu akivuta pumzi. Nikaipenda hiyo, nikataka mama naye afaidi.

Nikamwekea taarabu ya harusi ya dada yangu, niliyoihamisha kutoka kwenye kanda. Marehemu baba alikuwa mmoja wa wapiga fidla wawili. Miezi michache baadaye alipata kiharusi, akatutoka. Kuna pahala wanawake wanakwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, vigelegele vinapanda, na mama hucheka peke yake kila akifika hapo.

Safari hii hakucheka. Chini ya vigelegele tulisikia fidla ya baba ikikwaruza, ikanyamaza, kisha fidla ya mwenzake ikaingia mbio kumfichia aibu.

“Rejesha nyuma,” mama akasema. Nikarejesha. “Hapo kaacha. Baba yako hakuwa mtu wa kuacha wimbo kati.”

“Labda alichoka, mama.”

“Mkono ulikuwa ushaanza kumkataa, mwanangu. Na mie nlikuwa nnampigia vigelegele!”

Tangu hapo mama hali chakula vizuri. Niliificha ile kali nikaunganisha ile laini, akaijua papo hapo, akaninunia mpaka nilipoirudisha. Kila alasiri anataka pale pale. Mimi napanda juu, nashuka, nachomoa waya, nachomeka tena. Nina hasira na baba kwa kutuficha ugonjwa, na nina hasira na mimi niliyejitia kutafuta sauti safi.

Muuzaji anataka chake kesho. Nimemwambia mama nitarudisha ile kali ili apumzike. Akanishika mkono.

“Usiirudishe. Siku ile alikwama peke yake, mie nnashangilia. Niache nikae naye.”

Jamani, nyinyi mliofiwa, niambieni: nimwachie, au nimnyang'anye?