Nyuzi Mbili Nyembamba

Mwalimu Loisi Ndahani wa Msalato alijulikana kwa mambo mawili: nguo yake haikupata kuonekana na kunyanzi, na sikio lake halikupata kusamehe sauti iliyoteleza. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha muziki katika chuo cha ualimu. Alipofiwa na mumewe Gideoni, aliyekuwa afisa elimu, alijiongezea kazi moja: kuhakikisha jina la Ndahani halitajwi kwa kucheka. Hata ile ilimba ya baba mkwe wake, kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vya kupiga kwa vidole gumba, aliiviringisha kwenye gunia akaiweka stoo. Wageni wa wizarani walikuwa wakifika pale kwake, naye hakutaka waulize ni nini.

Mwaka huo kwaya ya kanisa ilikuwa inatimiza miaka arobaini, ikaamua kuchapa kitabu cha nyimbo zake pamoja na kodi za gitaa, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, ili vijana wajifunze. Loisi ndiye aliyepewa kuzitambua na kuziandika majina. Wimbo mkubwa kuliko zote ulikuwa wa Gideoni. Aliyebaki akijua kuupiga alikuwa mdogo wake, Joel, mfugaji wa Haneti, naye akaitwa mazoezini Jumamosi alasiri, akaja na gitaa la marehemu mgongoni.

Joel alipofika mstari wa nne alipiga kodi moja nzito, yenye kuvuta, ambayo vijana hawakuielewa. Brighton, mpiga gitaa wa kwaya, akainama kutazama vidole vya mzee.

“Baba Joel, kodi hii hata watu wa mapato hawaijui jina!”

Kwaya nzima ikacheka. Joel naye akacheka. Loisi hakucheka. Alisikia jina la Ndahani likichekwa, akasogea mbele. Akaona vidole viwili tu: kimoja uzi wa tano, kijumba cha tatu cha shingo ya gitaa, kingine uzi wa nne, kijumba cha pili. Nyuzi tatu nyembamba zilikuwa wazi.

“Hiyo ni C meja saba,” akasema. “C, E, G, B, na E ya juu. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaijua. Ila gitaa lako limelegea, shemeji.”

“Halijalegea, shemeji. Ndivyo lilivyo.”

“Ndivyo lilivyo wapi? Lete hapa.”

Akalichukua mikononi mwake, akakaza nyuzi mbili nyembamba mpaka sikio lake likaridhika, akamrudishia. Joel akapiga. Sauti ikatoka laini, kama muziki wa ukumbi wa hoteli.

“Huo si wimbo wa kaka,” Joel akasema polepole.

“Kaka yako alisoma, Joel. Usimfanye aonekane mchunga mbuzi.”

Joel akaliegemeza gitaa kwenye kiti, akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Jumatatu vitabu arobaini vikatoka kwa mchapaji, na chini ya wimbo ule pakaandikwa: Kodi zimesahihishwa na Mwl. L. Ndahani.

Siku mbili baadaye Anastazia, katibu wa kwaya, akamtumia kwenye simu sauti aliyorekodi Jumamosi ile kabla gitaa halijakazwa. Loisi akakaa kwenye kinanda ili aandike noti. Akatafuta B, hakuipata. Palikuwa na B iliyoshushwa nusu. Akatafuta E ya juu, akapata D. Akarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara sauti zikawa zilezile. Gitaa lililolegea lenyewe halilegei kwa kipimo namna hiyo. Akahesabu kwa vidole kama alivyokuwa akiwahesabisha wanafunzi: moja, tatu, tano, saba iliyoshushwa, tisa. Ilikuwa C tisa, imekamilika, haina doa.

Hapo akamkumbuka Gideoni sebuleni, akizungusha vishikio viwili vya kukazia nyuzi za gitaa kabla ya wimbo ule, na yeye jikoni akimpigia kelele, “Unachezea nini hicho?” Akaenda stoo, akafungua gunia. Vijiti vya ilimba vilikuwa na kutu, lakini vilitoa sauti zilezile tano.

Uso ukamwaka moto, ingawa alikuwa peke yake. Alikuwa ametazama vidole, hakuziuliza nyuzi. Kwa kosa hilo alikuwa amewakatia alama wanafunzi wasiohesabika.

Kesho yake akaenda Haneti. Zipora, mke wa Joel, ambaye siku zote humwita dada, alimletea kigoda na maji, akasema, “Karibu, Mwalimu,” akaingia ndani. Joel alikuwa akiziba zizi kwa miiba.

“Ni C tisa, shemeji,” Loisi akasema hata kabla ya kukaa vizuri. “Wewe ulikuwa sawa.”

“Kumbe ina jina!” Joel akatabasamu. “Sisi kaka alituambia tu tulegeze mbili, ifanane na ya baba.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikwambia. Nilisema ndivyo lilivyo.”

Loisi akatazama viatu vyake, vilivyojaa vumbi.

“Nisamehe. Uje uupige kwenye sherehe. Bila wewe utapigwa ule wangu, na ule si wake.”

“Mimi sina kinyongo,” Joel akasema, akichomeka mwiba mwingine. “Lakini yale uliyasema mbele ya kwaya, shemeji. Hapa wanakusikia mbuzi tu, na mbuzi hawakuwepo.”

Jumamosi iliyofuata Loisi alivikusanya vitabu vyote arobaini mezani, akavifungua kimoja kimoja mbele ya wanakwaya. Akakata jina lake kwa wino, akaandika: C tisa. Nyuzi mbili nyembamba hulegezwa, kufuata ilimba ya mzee Ndahani. Akaeleza kosa lake la muziki kwa ufasaha, kama yuko darasani, akakaa.

Joel alikuwa amekuja. Gitaa lilikuwa mapajani mwake, lakini mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Alingoja tu.

Loisi akaelewa. Akasimama tena, na safari hii ufasaha ulimkimbia.

“Na lile neno la mchunga mbuzi,” akasema. “Wimbo huu umetoka kwa wachunga mbuzi. Mume wangu alikuwa mtoto wao. Nililificha hilo miaka yote, na hakuna aliyenituma.”

Alibaki amesimama, mikono hana pa kuiweka. Brighton aliinamisha kichwa. Ndipo Joel akashika kishikio cha kwanza, akakilegeza, akasikiliza. Akashika cha pili.

“Hivi, shemeji?” akauliza.

“Bado kidogo,” Loisi akajibu, bila kumtazama. “Hapo.”