Njuga za Saluki

Asubuhi za Ibra, Oman, katika utoto wangu zilianza kwa kelele za bata mzinga. Mwadhini hajamaliza neno lake la kwanza, bata wa mama, waliolala juu ya makuti nyuma ya nyumba, walikuwa wameshajibu wote kwa pamoja, mkoromo mmoja mrefu uliopita juu ya mitende na kurudi. Baba, akiwepo nyumbani, alisema ndege hawa hawana adabu. Mama alimjibu kwamba wameitwa nao wameitika. Kuna watu wanaitwa wala hawaitiki. Baada ya kelele ilikuja harufu: majani ya mifugo yaliyokatwa na umande wake, moshi wa makuti makavu, na matope mepesi ya zamu yetu ya maji ya falaji, mfereji wa kijiji. Harufu hizo nikizikuta popote leo, masikio yangu hungojea bata.

Tulikuwa tumerudi kutoka Tabora. "Kurudi" ni neno la baba. Mama na mimi tulikuwa tunafika kwa mara ya kwanza. Watu wa mtaani walituita Wazinjibari, ijapokuwa mama alikuwa hajaikanyaga Unguja hata siku moja. Baba alipata kazi ya ofisini Jalan Bani Bu Hassan, akawa analala huko na kuja nyumbani mwisho wa wiki. Sisi wawili tulibaki na shamba dogo la urithi: mitende michache, milimau, kitalu cha vitunguu. Wenzetu waliorudi kutoka bara walibeba vyerehani na masufuria. Mama naye alibeba hivyo, lakini chini kabisa ya sanduku alitia ukanda wa ngozi wenye njuga za mbwa wa marehemu baba yake, aliyekuwa msasi, mwinda na mbwa. Baba alizicheka sana njuga zile. "Mwenzangu unahama na mlio," alimwambia.

Mwaka ule Ami Nasor, mdogo wake baba, aliposa katika nyumba ya watu wazito wa Ibra. Tulipokwenda kunywa kahawa kwa wakwe, shangazi yake bibi harusi, mwanamke mnene mwenye pete kila kidole, aliuliza mbele ya wanawake wote: "Na nyinyi wa Zinjibari, karamuni mtatuletea nini? Ndizi?" Wanawake wakacheka. Kiarabu cha mama kilikuwa kidogo, lakini kicheko hakina lugha. Akaniinamia na kuniuliza yamesemwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na Kiarabu changu nilikiokota shuleni na uwanjani, nikamweleza. Akaweka kikombe chini. "Mwambie kila sinia la harusi litabeba bata mzinga mzima. Sema kwa sauti, Zuwena, wasikie wa nyuma." Nikasema. Kicheko kikakatika. Bata mzinga kwa watu wale alikuwa kitu cha kusikia tu, na sisi tulikuwa na vifaranga ambao baba aliwanunua kwa mtu mmoja wa Sur, wangali wadogo kama njiwa. Tangu siku ile ndege wale walikuwa ahadi yenye mabawa. Wakifika karamuni, Ami ataoa kichwa juu. Wasipofika, neno la ndizi litatufuata hadi kwa wajukuu.

Mama aliwalea kama alivyonilea mimi, kwa vitunguu vilivyokatwakatwa, mayai ya kuchemsha, na matusi. Wakanenepa. Tende zikavunwa, joto likavunjika, na zilipoingia siku za baridi wakaja wawinda sungura. Mmoja wao, Mbedui aitwaye Musallam, alipiga hema ng'ambo ya wadi, bonde la mto mkavu, karibu na shamba letu. Alikuwa na saluki watatu, mbwa wembamba wenye miguu mirefu na masikio ya manyoya laini kama hariri. Kabla ya msimu wenyewe kuanza aliwaachia kila asubuhi wakimbie, ili wapate pumzi. Walikimbia wanakotaka, na mpaka wa shamba kwao ulikuwa ukuta wa udongo wa kuruka bila kupunguza mwendo.

Mbwa wa Tabora, mama alisema, utamsikia kabla hujamwona. Saluki hana sauti. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nikikata majani. Niliinua kichwa nikaona kitu cha rangi ya mchanga kikipita kati ya mitende kama kivuli cha ndege. Nilipofika nyuma ya nyumba, bata wawili walikuwa wamelala na manyoya yakielea kwenye mfereji. Wiki iliyofuata akaenda wa tatu. Mama alimwokota kwa miguu, hakutukana.

Akanituma nimwite Musallam. Alikuja na bakora yake, akaketi barazani, akanywa kahawa yetu kwa heshima. Mama alikaa ndani, nyuma ya pazia, na mimi nikakaa mlangoni, baina ya lugha mbili.

"Mwambie mbwa wake wamekula harusi ya shemeji yangu," alisema mama.

Nikamwambia Musallam kwamba kumetokea hasara kidogo.

"Saluki si mbwa," alijibu Musallam, bila kukasirika. "Saluki hulala hemani na wanangu. Mbwa ni yule anayekula jalalani."

Nilipomfasiria mama, pazia lilitikisika. "Mbwa ni mbwa hata akivikwa kilemba! Mwambie hivyo hivyo!"

"Mama anasema ni wanyama wazuri sana," nilisema.

Musallam alilitazama pazia, akanitazama mimi. "Maneno ya mama yako marefu, tafsiri yako fupi. Unafanya biashara gani hapo katikati, ewe binti?" Kisha akasema jambo lililotufunga mikono. Mchana mwenye shamba hulinda shamba lake, na usiku mwenye mnyama humlinda mnyama wake. Hukumu ni ya kale, na saluki wake walikuja mchana. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Lakini hukumu yenyewe ilikuwa ya kweli; nilipokuwa mtu mzima niliitafuta mwenyewe vitabuni, nikaikuta kama alivyoisema. Mama naye aliijua. Akasema polepole: "Basi mwambie mimi sikatai mgeni. Namkataa mgeni asiyepiga hodi."

Hilo sikulifasiri. Waomani nao husema "hud" wakifika mlangoni kwa mtu, na Musallam alilifahamu mwenyewe. Akacheka. "Basi wafundishe saluki kupiga hodi," alisema, akanyanyuka, akaenda zake.

Alisema kwa mzaha. Mama aliyachukua kama ruhusa. Asubuhi yake alilifungua sanduku, akautoa ukanda, akazitenga njuga tatu na kuzifunga kila moja kwenye kitanzi cha kamba ya ngozi. Kisha akaenda kuketi chini kati ya mitende, amewapa saluki mgongo, na mkono wake nyuma umeshika tende zilizopakwa samli. Baba yake alimfunza hivyo: mnyama mwenye wasiwasi humwogopa anayemtazama. Nilijificha nyuma ya mlimau. Mbwa wakaruka ukuta, wakasimama, wakanusa. Jike la rangi ya asali, aliyekuwa mbele siku zote, alikuja hatua kwa hatua mpaka akalamba samli mkononi mwa mama. Mama hakugeuka. Mkono wake mwingine ulipanda shingoni mwa jike polepole, kama unaomvika mtoto hirizi. Wenzake wakafuata. Alipomaliza alinawa mara saba kwenye mkia wa mfereji, mara ya kwanza kwa udongo, akaniambia: "Sasa tulinde. Sheria imesema tulinde."

Kuanzia hapo saluki walipoingia wadini tuliwasikia. Njuga zilikuwa na mlio mkavu, wa haraka, usiofanana na kengele za mbuzi. Mimi nilikuwa na kazi moja: nikizisikia, niwaswage bata ndani ya ghala la tende na kufunga. Siku mbili za kwanza nilihangaika nao. Ya tatu walizijua njuga kuliko mimi. Zilipolia tu, walijibu kwa mkoromo wao na kukimbilia ghalani wenyewe, vifua mbele, kama wazee wanaowahi safu ya kwanza. Saluki wakafika, wakazunguka ghala, wakanusa mlango, wakaondoka. Mama alisimama jikoni na mwiko mkononi, akawaaga: "Karibuni tena!"

Musallam akarudi, na safari hii hakutaka kahawa. Wawinda wenzake kutoka Bidiya walikuwa wamemcheka mpaka wakajishika mbavu: saluki wenye njuga, kama wari wanaokwenda ngomani! Sungura gani atakayengoja mlio ule umfikie? Nilifasiri yote, safari hii bila kupunguza. Mama akajitanda mtandio, akatoka barazani. Akaokota nyuzi kavu za shina la mtende, akazisokota, akashika njuga moja ya ule ukanda mbele ya macho ya Musallam na kuzishindilia nyuzi ndani ya mdomo wake. Akaitikisa. Kimya. Akazichomoa nyuzi. Ikalia.

"Ukienda mawindoni, ziba," alisema. "Ukiwaachia karibu na mashamba ya watu, zibua. Baba yangu aliwinda hivi maisha yake yote, na hapakuwa na jirani aliyemdai kuku."

"Mwanamke wa Zinjibari anifundishe saluki?" alisema Musallam. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaipokea njuga, na aliitikisa mara mbili kabla ya kuondoka.

Siku za mwisho kabla ya harusi, msimu ukiwa umefunguliwa, yule jike wa rangi ya asali akapotea. Alimfukuza sungura kuelekea upande wetu, akazama katika vumbi, hakuonekana tena. Musallam na wenzake walimtafuta mpaka jua likazama, na kesho yake tena. Alipita shambani kwetu akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Hata mama alimpa maji bila tusi. Mimi asubuhi ile nilikwenda kukusanya kuni karibu na falaji la zamani lililokauka, ambalo matundu ya mafundi walioichimba mifereji ya chini kwa chini bado yalikuwa wazi. Niliinama kuokota tawi. Chini ya miguu yangu, ardhini, kikalia kitu mara moja, kikavu, cha haraka.

Nilikimbia kuliko saluki yeyote. Mama alikuja na kamba ya kisima, Musallam akaja nyuma yake kilemba kikimfunguka. Tundu lilikuwa nusu limejaa mchanga, na jike alikuwa chini kule, mguu umeumia, nguvu zimemwisha. Kila alipojaribu kuinua kichwa, njuga ililia. Nyuzi za mtende zilikuwa zimechomoka alipoanguka. Musallam alijifunga kamba kiunoni akashuka. Mama na mimi tulishikilia upande wetu, tumezungusha kamba kwenye shina la mti wa mghafu. Alipotoka amembeba kifuani, uso mweupe kwa vumbi, machozi yamechimba mifereji mashavuni, alikaa chini na kumtikisia mama njuga ile mara mbili, kama siku ile barazani.

"Mwambie mama yako," aliniambia, "saluki wangu wamejifunza kupiga hodi." Kisha akaongeza, kwa ukali: "Na usifupishe!"

Mpaka siku ya harusi saluki wake hawakuachiwa tena. Walifungwa hemani, na Musallam mwenyewe alikuja kulinda ukuta wetu, akiwafukuza mbweha na mbwa wa jalalani kwa bakora. Bata walifika wote waliobaki, na walitosha. Masinia yaliingia ukumbi wa wanawake moja baada ya moja, wali wa zafarani, na juu ya kila sinia bata mzinga mzima, kifua juu, ngozi ya rangi ya shaba. Kelele zilizima. Vigelegele vilianzia upande wa wakwe. Yule shangazi mwenye pete alikula, akajilamba vidole vyote vitano pamoja na pete zake, kisha akamnong'oneza mama, na mama akanigeukia ingawa nadhani alielewa. "Anaomba mayai ya kuatamishia," nilisema. "Mwambie atapata," alisema mama. "Mwambie na ndizi nitampelekea." Hilo nililifasiri neno kwa neno, na shangazi ndiye aliyecheka kwanza, mpaka akakohoa.

Mwaka uliofuata wawinda wa Bidiya, wale wale waliocheka, walikuja barazani kwetu wakiuliza njuga zinapatikana wapi. Mama aliwaelekeza kwa sonara, akawapa moja iwe kielelezo.

Leo mitende upande ule wa wadi imebaki michache, na kuta za matofali ya saruji zimepanda juu kuliko mrukio wa saluki. Kuwinda kumekatazwa, na ni vizuri, kwani sungura walikuwa wakiisha. Saluki sasa hushindanishwa mbio. Bata mzinga yumo dukani, amegandishwa, ndani ya mfuko, na hamjibu mwadhini yeyote. Mjukuu wa Musallam, kijana wa benki, anawafuga saluki wawili wanaovaa shingoni kifaa cha setilaiti, na simu yake humwonyesha walipo. Nilimuuliza kwa nini basi pamoja na kifaa hicho kila mmoja amefungwa njuga. Alisema babu yake aliusia: kifaa kinamwambia yeye mbwa wake yuko wapi, lakini njuga inamwambia na jirani.

Hupita kwetu Ijumaa, akitoka mazoezini. Mama macho yake yamefifia, haoni tena mlango kutoka kitandani, na kuna siku majina yetu sote humtoka. Lakini njuga zikilia nje ya lango, kavu na za haraka, huketi wima, hujiweka mtandio sawa, na kabla hajabisha mtu yeyote huita kwa sauti ileile aliyowaagia saluki kutoka jikoni: "Karibuni!"