Maharimu wa Chikago

Wewe ungekubali kukaa Amerika miaka minne, na kazi yako yote iwe kumngojea dada yako nje ya mlango wa chuo?

Marhun bin Thuwaini alikaa. Kukubali hakuulizwa. Mwaka 1978 dada yake Ghaniya alipata nafasi ya kusoma Chikago, serikali imlipie, na baba yao, Mzee Thuwaini, akasema binti yake hapandi ndege bila ya maharimu, mwanamume wa nyumbani asiyeweza kumuoa. Marhun alikuwa kijana, karani hapa Ibra, Omani, na kazi yake akiipenda. Akaiacha.

Chikago imejaa vyuo vya watu binafsi, vya makanisa na vya matajiri waliokwisha kufa. Mzee alichagua cha masista, kwa kuwa ni cha wanawake watupu. Basi aliyepelekwa kumlinda msichana ndiye asiyeruhusiwa kuingia. Kila asubuhi Marhun alimfikisha Ghaniya mlangoni, kisha akavuka barabara kwenda kukaa katika duka la kufulia nguo, kwa sababu mashine zake zilitoa joto. Wanawake wa mtaa wakamzoea, wakawa wanamwachia nguo zao azitazame.

Baadaye Ghaniya alitaka kemia, akahamia chuo kikuu kingine, cha wanawake na wanaume. Huko Marhun aliruhusiwa kukaa kwenye korido. Niliwahi kumuuliza mbona na yeye hakusoma. Akaniambia karo za vyuo vile ni moto, na aliyelipiwa ni mmoja. Alikuwa akisikiliza masomo mlango ukiachwa wazi. Baridi ikianza, walikuwa wakiufunga.

Leo Ghaniya yuko maabara ya hospitali. Marhun aliporudi alikuta kiti chake kina mtu, akawa dereva wa gari la maji. Ameoa mwaka jana, na mkewe ni mjamzito. Sasa mdogo wao, Shukriya, naye kapata nafasi Chikago.

Jumamosi jioni walikaa kuamua, na mimi jirani yao niliitwa. Kama hapana wa kumfuata, nafasi inapotea. Nilisema Shukriya aende peke yake. Nilisema nchi hii inataka wasichana waliosoma, na ni dhulma kuyatumia maisha ya mtu mmoja kununulia masomo ya mwengine.

"Na wewe chuo kilikufunza kusema tu," Mzee alinijibu, akaendelea kula halua.

Shukriya alikuwa akimimina kahawa bila ya kumtazama mtu. Wote tulimgeukia Marhun. Alikuwa bado ana vumbi la barabara kwenye kanzu.

"Baba, mimi nimechoka."

"Umechoka nini? Huko hukufanya kazi yoyote."

Marhun alikitikisa kikombe kuonyesha kahawa imemtosha, akamrejeshea mdogo wake.

"Hiyo ndiyo iliyonichosha," alisema. Hakupandisha sauti. "Mara hii nenda wewe, baba. Wewe ni maharimu wake kuliko mimi."

Nilidhani Mzee atamfukuza. Aliitazama mikono yake kama aliyeletewa ya mtu mwengine. Alisema magoti yanamuuma. Alisema hajui Kiingereza, na nani atamwagilia mitende yake siku ya zamu yake ya maji ya mfereji. Marhun akasema ataimwagilia yeye. Ghaniya, aliyekaa karibu na mlango, akasema taratibu:

"Chukua sweta mbili, baba."

Tuliagana bila ya kujua Mzee ameamua nini, na Shukriya alinifungulia mlango macho yamemvimba.

Asubuhi yake nilipita sokoni, mbele ya duka la mpiga picha wa Kihindi. Mzee Thuwaini alikuwa amekaa juu ya kigoda, kilemba kimefungwa upya, anapigwa picha ya pasipoti. Shukriya alisimama pembeni, kamshikia bakora. Mhindi akamwomba ainue kidevu, akainua. Taa ikawaka, Mzee akafumba macho, ikabidi apigwe tena.