Mgeni wa Maji ya Chumvi Mtaani Isevya

Mji wa Tabora umezoea wageni. Enzi za misafara, watu walipotoka pwani wakielekea Ujiji, hapa ndipo wapagazi walipotua mizigo na kunyoosha migongo, na wenyeji wakajifunza kwamba mgeni haachwi peke yake: huamkiwa, huletewa chakula, hukaliwa karibu mpaka acheke. Tabia hiyo haijatutoka hata leo. Nayo ndiyo iliyokaribia kumuua samaki wa Spesioza Inamahoro.

Spesioza ni mshonaji wa mtaa wa Isevya, mjane wa marehemu Ezekia aliyekuwa mtu wa reli. Alizaliwa Ulyankulu katika familia yenye asili ya Burundi, akaja mjini kwa ndoa. Nyumba aliyojengewa na mumewe anaipenda hata bati linapovuja. Binti yake wa pekee, Julieth, anafanya kazi Dar es Salaam katika duka la samaki wa mapambo, na kila alipokuja likizo alikuja na hoja ileile: mama afunge nyumba, wakaishi pamoja.

"Uko peke yako mno, Mama."

"Peke yangu? Bibi Ng'washi wa jirani huingia humu asubuhi na jioni bila hodi. Naota ndoto, naye yumo."

Krismasi iliyopita Julieth alileta tangi la kioo, pampu, mawe yenye matundu na chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Maji yale yalipaswa kuzunguka wiki kadhaa matupu, mpaka yafae kukaliwa na kiumbe. Mtaa mzima ukapata cha kusema.

"Mama Julieth anafuga maji," alitangaza Mzee Saidi, muuza kahawa. "Sijui yatazaa lini."

Kwaresima ilipoanza, Julieth akashuka kwenye treni amepakata boksi kama mtu aliyebeba kichanga. Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko wa maji, na ndani ya mfuko samaki asiyezidi urefu wa kidole, mwenye rangi ya udongo mwekundu na mistari myeupe, mapezi yake yamekunjuka kama pepeo za kupepea moto.

"Huyu anaitwa samaki-simba, wa aina ndogo," Julieth alieleza. "Hukaa kwenye miamba ya bahari. Miiba yake ina sumu, kwa hiyo usitie mkono majini. Akikuchoma, tumbukiza mkono katika maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, kisha nenda hospitali. Halafu ana haya. Dukani wateja walimkataa kwa kuwa haonekani."

"Ana sumu, ana haya, na watu wamemkataa," akasema Spesioza. "Ndiye mkwe uliyeniletea?"

Julieth alicheka, kisha akatoa sharti. Akirudi Pasaka na kumkuta samaki mzima, hatataja tena habari ya kuhama. Akimkuta amekufa, mama atafunga nyumba na kuondoka naye. Spesioza alikubali upesi, kama mtu anayekubali kumshikia jirani kuku.

Julieth hakuwa amefika Dar, habari zikawa zimeenea kwamba kwa Mama Julieth kuna mgeni kutoka baharini. Watu wakaja kumwona, kama ipasavyo. Bibi Ng'washi, mzaliwa wa Ziba, alipiga goti mbele ya kioo, akapiga makofi kwa heshima na kumwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka!" Samaki akatoweka ndani ya tundu la jiwe.

"Mbona haitikii?"

"Watu wa pwani hao," akasema Mzee Saidi. "Hawasemi kabla ya kahawa." Akagonga kioo kwa kikombe. "Hodi, bwana mkubwa!"

Wengine walileta dagaa, wengine karanga. Karibu na tangi Spesioza aliweka chupa ya maji ya moto kwa ajili ya ile sumu, na kila aliyeingia aliuliza kama samaki naye anakunywa chai.

Julieth alikuwa ameacha kamba wadogo waliogandishwa. Kazi ilikuwa kumtunga kamba kwenye ncha ya kijiti kirefu na kumtikisa taratibu majini, kwa sababu samaki huyu hali kitu kisichocheza. Kila jioni Spesioza alitikisa, na kila jioni nyuma yake palikuwa na benchi la mashabiki.

"Sogeza kulia, Mama Julieth!"

"Kulia wapi? Jamani, hamwoni mkia ule kushoto?"

Samaki hakutoka. Wiki zikapita, tumbo lake likabonyea. Kwenye simu Julieth aliuliza, "Anakula?" Spesioza akajibu, "Anazoea," kisha akatoka uani kuitazama mipera ya Ezekia, mti mmoja baada ya mwingine.

Ijumaa moja, baada ya Njia ya Msalaba, alirudi akamkuta Bibi Ng'washi amebandika paji la uso kwenye kioo, akimbembeleza samaki kama abembelezwavyo mwanamke aliyetoka kujifungua: "Kula basi, mwenzetu, hata kidogo." Spesioza akasimama mlangoni. Alikumbuka siku alipoingizwa nyumbani kwa wakwe zake, watu wamejaa dirishani wakimhimiza ale, naye akashindwa kumeza hata tonge. Nyanya yake ndiye aliyewafukuza wote na kuvuta pazia. Kwa desturi ya Warundi bibi harusi hukaa ndani, hatazamwi ovyo, mpaka siku ya kumtoa rasmi, ambayo huiita gutwikurura. Nyuma ya pazia lile alikula sahani mbili.

Jioni hiyohiyo akatundika khanga mbele ya tangi.

"Kuanzia leo mgeni wangu ni mwari," akatangaza. "Ataamkiwa kutoka barazani. Bila makofi."

"Barazani?" Bibi Ng'washi alishtuka. "Mama Julieth, atasema tumelelewa porini!"

"Aseme. Akishaweza kusema, atakuwa ameshiba."

Nyumba ikatulia. Spesioza alikaa kando ya khanga, akipitisha kijiti juu huku akichungulia kwenye upenyo. Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Siku iliyofuata pezi moja lilijitokeza tunduni, likarudi. Jioni ya tatu samaki akatoka mzimamzima, akaelea mbele ya kamba, akamtazama, akamtazama tena. Mdomo ukafunguka ghafla, na kamba hayupo. Spesioza hakupiga kelele. Alikwenda jikoni akaziambia sufuria kwanza.

Julieth alifika Jumamosi Kuu na begi kubwa tupu, la kufungia nguo za mama. Mkono wake ulielekea moja kwa moja kwenye khanga.

"Shikamoo kwanza," akasema Spesioza.

"Shikamoo, Mama. Yu hai?"

"Marahaba. Anatolewa kesho."

Siku ya Pasaka, baada ya misa, majirani walikusanyika sebuleni, wamevua viatu, kimya kuliko walivyokuwa kanisani. Spesioza aliikunja khanga taratibu kutoka chini kwenda juu, akashusha kijiti. Samaki alitokeza, akatanua mapezi yake yote, akasita mbele ya nyuso zile. Kisha akamnyakua kamba.

Bibi Ng'washi aliuma ncha ya kitenge chake, macho yakamtoka. Alinyata hadi mlangoni, akavuka ua, akafika kwenye mipera, na huko ndiko alikoachia vigelegele vilivyosikika hadi stesheni.

Julieth alitazama tangi, akamtazama mama yake. "Haya," alisema. "Nimeshindwa."

Begi lile halikurudi tupu. Spesioza alilijaza mchele, karanga na asali ya Urambo, na Mzee Saidi ndiye aliyelikalia ili zipu ifunge.